Pingili Zimetoka, Tegu Yupo

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Geita na Shinyanga, ambako nyama ya ng'ombe mara nyingi huliwa kabla haijaiva hadi ndani, limeulizwa mno swali hili: mtu anywe gongo kiasi gani ili tegu afe? Hakuna kiasi. Pombe hufyonzwa na kuingia katika damu mapema, tumboni na mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kipimo ambacho kingemuua tegu kingetangulia kumuua mnywaji, mbali na methanoli, kileo chenye sumu kinachoweza kuwamo ndani ya gongo na kupofusha macho.

Watetezi wa gongo huonyesha pingili, yaani vipande bapa vyeupe vya mwili wa tegu, zilizotoka asubuhi baada ya kuinywa. Ushahidi huo haufai kitu, kwa sababu tegu wa ng'ombe, ambaye hufikia urefu wa mita kadhaa, huachilia pingili zilizojaa mayai mtu anywe asinywe, huku kichwa kikiendelea kung'ang'ania ukuta wa utumbo na shingo ikizalisha nyingine.

Maabara imelithibitisha hilo kwa panya. Panya mdogo akiambukizwa Hymenolepis diminuta, tegu wa panya wakubwa, humfukuza katika muda wa takriban wiki mbili, na kazi hiyo hutegemea seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazokomaa katika tezi ya thaimasi, ndiyo maana panya waliozaliwa bila tezi hiyo hushindwa kumtoa. Hata hivyo, kabla ya kutolewa, tegu hupoteza karibu mwili wake wote na kubaki kichwa na shingo, na mabaki hayo yakihamishiwa katika utumbo wa mnyama asiye na kinga hiyo huota upya. Ikiwa kukatika huko si kifo, pingili tatu chooni zinathibitisha nini? Tena kinga ya binadamu, ingawa humtambua tegu wa ng'ombe, mara nyingi haimfukuzi, naye huweza kukaa miaka mingi.

Tiba ni prazikwanteli, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja, kwa maelekezo ya kituo cha afya. Mwenye kifafa aseme kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuchochea degedege iwapo lava, yaani wachanga, wa tegu wa nguruwe wamejificha ubongoni. Huyo niklosamidi humfaa zaidi. Kidonge kimoja cha albendazoli hakitoshi. Nyama inunuliwe ikiwa na mhuri wa mkaguzi, na bado ipikwe hadi iive ndani, kwa maana lava wachache humpita mkaguzi. Na kila machimbo yawe na vyoo, kwa kuwa ng'ombe huambukizwa na malisho yaliyochafuliwa kwa kinyesi cha binadamu.