Jumamosi Moja, Bei Mbili

Familia mbili zinaweza kushuka kwenye treni moja pale Cascais, zikaenda ufukwe uleule na kula samaki wa aina ileile, na jioni ikifika moja ikawa imetumia mara tatu ya nyingine. Wala si suala la ubahili. Ni suala la makaratasi: nani anahesabiwa mkazi, nani anahesabiwa mgeni, na kama huyo mkazi anajua kuzitumia haki zake.

Cascais ni mji wa pwani ya Ureno, magharibi ya Lisbon. Mfalme Luís alianza kwenda kupumzika huko kiangazi cha mwaka 1870, reli ikafika mwaka 1889, na tangu hapo wenye nazo hawakuondoka. Leo ukanda wote kutoka Carcavelos hadi Guincho umejaa familia za kigeni: Wabrazili, Waingereza, Wamarekani, Waukraine, na sisi wachache tuliotoka Dar na Nairobi kufuata kazi au masomo. Sisi ndio ninaotufikiria hapa, kwa sababu miezi ya mwanzo huwa tunaishi kitalii bila kukusudia.

Usafiri ndipo wengi wanapolipa zaidi huku wakidhani wanaokoa. Tangu Aprili 2019 kuna kadi ya mwezi iitwayo Navegante. Ya euro 40 inakupeleka popote katika Lisbon na manispaa zinazoizunguka, kwa treni, metro, basi au kivuko. Ya euro 30 inatumika ndani ya manispaa moja tu. Ipo pia ya familia, euro 80 kwa nyumba nzima, na majirani watakusifia hiyo kuliko zote. Piga hesabu kwanza. Watoto hadi miaka 12 wanasafiri bure kwa kadi yao wenyewe, na siku hizi unafuu huo umefikishwa kwa vijana hadi miaka 23. Baba akilipa 40 na mama 40, ni 80 ileile. Kadi ya familia inaanza kuwa na maana akiwapo mtu mzima wa tatu ndani ya nyumba, tuseme bibi aliyekuja kulea wajukuu au shemeji anayetafuta kazi, tena awe ameandikishwa kwenye kodi kwa anwani hiyohiyo.

Kuna swali jingine ambalo watu hawajiulizi: je, unaihitaji kadi ya mwezi? Tiketi moja kutoka Cascais hadi Cais do Sodré, kituo cha mwisho mjini Lisbon, ni euro 2 na senti kadhaa, safari ya kama dakika 40. Asiyefanya kazi Lisbon, anayekwenda huko mwisho wa wiki tu, ni lazima aende na kurudi kama mara 9 kwa mwezi ndipo zile euro 40 zirudi. Nyumbani kwetu baba watoto ana kadi ya mwezi kwa sababu ya kazi. Mimi naweka salio kwenye kadi ya kawaida, nakatwa kwa safari. Mgeni asiye na kadi za watoto, akiwa na mke na wanafunzi wawili wa shule ya msingi wanaolipa nusu, anatoa karibu euro 14 kwenda na kurudi, na bado kila mmoja anunue kadi yake ya senti 50 kwanza. Hairuhusiwi kugonga kadi moja kwa watu wanne.

Ndani ya Cascais kwenyewe mambo ni mepesi. Tangu mwaka 2020 mabasi ya manispaa ni bure kwa wakazi, na kwa wanaofanya kazi au kusoma humo. Unapeleka uthibitisho wa anwani, unapewa kadi, basi. Nawajua watu waliokaa mwaka mzima wakilipa nauli kwa kuona aibu kuuliza. Ukija kwa gari kutoka Lisbon una njia mbili: A5, yenye kasi na tozo, au Marginal inayofuata bahari, isiyo na tozo lakini Jumapili ya jua ina foleni inayomaliza hamu ya bahari kabla hujaifikia. Halafu utafute maegesho, ambayo karibu na ghuba ni ya kulipia. Gari nalipendekeza kwa siku moja tu, ile ya kwenda mbali na reli.

Ufukweni, kosa la kwanza ni kuchagua kwa picha. Guincho inapendeza kuliko zote. Filamu ya James Bond ya mwaka 1969 ilianzia pale. Lakini kiangazi, mchana, upepo wa kaskazini unavuma hadi mchanga unachapa miguu, na mwavuli wako unaweza kuukimbilia hadi barabarani. Ni mahali pa wenye mbao na matanga. Ukiwa na watoto wadogo, fukwe ndogo za ndani ya mji kama Rainha na Conceição zimekingwa zaidi, na Carcavelos ina nafasi na kituo cha treni karibu. Maji popote ni baridi: hata Agosti ni nadra kuzidi nyuzi 20, kwa hiyo mtoto aliyezoea Coco Beach ya Dar atalia siku ya kwanza. Shati la kuogelea la mikono mirefu ni matumizi ya lazima. Miwani mipya ya jua inaweza kungoja.

Vitanda na vivuli vya kukodi vimepangwa mstari wa mbele, na bei ya siku moja mara nyingi inafika ya mlo wa mtu mmoja au kuipita. Mwavuli wa kununua hauzidi sana hapo, nao ni wako msimu mzima. Ufukwe ni wa umma. Pembeni ya eneo la kukodisha, tandika kanga yako pasipo kuomba ruhusa. Saa kumi jioni anapita muuza bolas de Berlim na kasha lake begani, akiita kwa sauti inayosikika kabla hajaonekana. Ni maandazi ya duara yaliyopasuliwa na kujazwa krimu ya mayai, sukari imemwagwa juu, na yanauzwa bei ya ufukweni. Sisi tunabeba maandazi yetu ya iliki. Hata hivyo mtoto akiomba bola moja ya kugawana, namnunulia. Akila peke yake mchanga unaingia nusu.

Chakula ndicho kinachopasua bajeti, na kinaanza na kitu ambacho hukuagiza. Umekaa tu, hujafungua hata menyu, mhudumu anaweka mkate, kibakuli cha zeituni, siagi za vidonge, jibini dogo la mviringo, pengine na kisahani cha uduvi. Anatabasamu, nawe unadhani ni ukarimu. Huo ni couvert, na kila kilichoguswa kinatozwa, wakati mwingine kwa kila kichwa. Sheria ya mwaka 2015 iko wazi: kisichoombwa na mteja hakilipwi, mradi hakikutumika. Mwombe akirudishe kabla mikono ya watoto haijafika. Kikiingia kwenye bili bila kuguswa, omba kitabu cha malalamiko. Kila mgahawa unatakiwa kuwa nacho, na mara nyingi kukiomba tu kunatosha.

Mtego mwingine ni samaki wa kuchoma anayeandikwa bei kwa kilo. Euro 40 au 50 zilizoandikwa ubaoni si bei ya sahani. Mtake akupimie kabla hajamweka jikoni. Uliza pia kama kuna meia dose. Nusu sahani kwa Mreno ni sahani kamili kwa mtoto, na sahani nzima hula wawili.

Soko la mji, Mercado da Vila, lina wakulima asubuhi za Jumatano na Jumamosi. Mama muuza samaki anakutazama usoni na kuuliza: wa kuchoma, wa kukaanga au wa supu? Kwa jibu lako ndivyo kisu kitakavyokwenda. Anamchana dourada, anatoa matumbo kwa kidole gumba, anasuuza, anafunga, na kazi hiyo haiongezi hata senti. Kati ya Juni na Septemba nunua sadini, zikiwa na mafuta yake. Miezi mingine carapau, wa jamii ya kolekole, au cavala, ndugu wa kibua wetu, ni rahisi zaidi na wananoga kwa nazi. Jumatatu achana na samaki, kwani boti nyingi hazikutoka Jumapili. Na siku ambayo hakuna anayetaka kupika, kuku mzima wa kuchoma kutoka churrasqueira ya mtaani, na pilipili yake pembeni, analisha wanne kwa bei ya sahani moja ya mgahawani. Agiza kwa simu saa tano. Saa saba foleni inafika barabarani.

Tuliotoka Tanzania tumelelewa na ile kauli ya ukinunua dai risiti, na hapa ina faida yako mwenyewe. Kila unapolipa, taja NIF, namba yako ya mlipakodi. Watu wanakumbuka mgahawani tu, wakati huko faida ni ndogo: unarudishiwa asilimia 15 ya kodi ya IVA, ambayo kwa mlo wa euro 50 ni kama senti 86. Kwenye duka la vyakula ndiko kwenye uzito. Asilimia 35 ya matumizi ya jumla ya nyumbani inakatwa kwenye kodi yako ya mapato, hadi euro 250 kwa kila mlipakodi, na kiwango hicho unakifikia kwa risiti za kama euro 715 kwa mwaka. Familia ya watu wanne inamaliza hapo kabla masika hayajaisha. Asiye na kodi ya kulipa hapati kitu, na hilo maduka hayatakuambia.

Mvua ikinyesha, na Novemba hadi Machi inanyesha sana, kuna Lisbon. Tangu Agosti 2024 anayeishi Ureno ana siku 52 za bure kwa mwaka kwenye makumbusho na majengo ya kale ya taifa, ikiwemo monasteri ya Jerónimos ya Belém, palepale kwenye reli ya Cascais. Mgeni aliye nyuma yako kwenye foleni analipa bei kamili. Sisi tunaunganisha safari hiyo na eneo la Martim Moniz, humohumo Lisbon, tunakopata muhogo, bamia, nazi na nyama halali. Nenda Jumamosi, maana Jumapili maduka kadhaa yamefungwa. Kwa ugali omba fuba ya mahindi meupe, ile Waangola wanayopikia funge. Ya njano iliyoko kwenye maduka makubwa ni ya keki, na mwiko utakuambia hivyo ndani ya dakika tano.