Kinundu Kwenye Ufizi: Mama, Usikae Kimya

Tuchukulie mama mjamzito wa Ngamiani, Tanga, mimba yake ina miezi sita. Anang'ata chungwa la Muheza, na chungwa linabaki na damu. Akijitazama kwenye kioo anaona kinundu chekundu kimechomoza kati ya meno mawili ya mbele. Hakiumi, lakini kila akipiga mswaki kinatoa damu. Jirani mmoja anamwambia ni kansa, mwingine anamwambia amerogwa. Sasa akicheka huziba mdomo kwa kanga, na mumewe hajamwambia.

Akina mama wenzetu, hofu ya namna hiyo tunaijua. Ndiyo maana tumeona tuzungumze juu ya vinundu vya ufizi.

Hutokana na nini?

Vingi vya vinundu hivi si kansa. Hutokea ufizi unaposumbuliwa kwa muda mrefu na ukoga uliokauka kuwa ugaga, jino lililovunjika, au meno ya bandia yasiyokaa vizuri. Ufizi hujaribu kujiponya, nyama ikazidi kiasi. Wakati wa mimba homoni huongezeka, na ufizi wenye ukoga huvimba upesi zaidi. Si uchawi, wala si matokeo ya uzinzi, na kinundu chenyewe hakimdhuru mtoto tumboni.

Daktari hutambuaje?

Kwa macho tu, vinundu hivi hufanana. Kimoja ni laini, kimejaa mishipa ya damu. Kingine ni kigumu, kina chembe za mfupa ndani. Daktari atauliza kilianza lini na kama una mimba. Atakibonyeza, atapima kama meno ya jirani yanalegea, na pengine atapiga picha ya eksirei. Kikikatwa, nyama yake ipelekwe maabara ikatazamwe kwa darubini. Usikubali itupwe, maana kansa ya kinywa, na ile ya Kaposi inayowapata zaidi wenye virusi vya UKIMWI, huweza kujificha katika sura hiyo hiyo.

Kwa mjamzito, mara nyingi daktari husafisha meno na kusubiri, kwa kuwa baada ya kujifungua kinundu huweza kunywea chenyewe. Kikitoa damu nyingi au kikizuia kula, huweza kukatwa kwa ganzi. Ugaga usipoondolewa, huweza kurudi.

Usichelewe

Nenda upesi ukiona kinakua haraka, jino linalegea, mdomo unakufa ganzi, au kidonda hakiponi kwa wiki 2. Mtoto akivimba taya na meno kulegea, usingoje hata kidogo: kuna kansa ya watoto iitwayo Burkitt ambayo hukua kwa siku chache.

Usikifunge kwa uzi, usikikate kwa wembe, usikipake ugoro. Piga mswaki mara 2 kwa siku, taratibu, hata damu ikitoka kidogo. Mwambie mkunga kliniki, naye atakuelekeza kwa daktari wa meno wa wilaya au Hospitali ya Bombo.

Tuombe, lakini pia twende tukapimwe. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu, na kumwendea tabibu si upungufu wa imani. Jioni ya leo, mama, mwonyeshe mume wako kinundu hicho, na kesho mfuatane hospitali.