Joto la Injini Litawaliwe, Lisifukuzwe

Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, gari la kasi aina ya Datsun 240Z lilishinda mashindano ya magari ya Safari katika Afrika Mashariki. Katika barabara kavu, gari kama hilo hupozwa na upepo wa mwendo wake. Likikwama topeni, upepo hukoma, rejeta ikabaki kutegemea feni peke yake. Shida hiyo wanaijua vema hata madereva wa Bugwema, mkoani Mara, ambao hawashindani na mtu ila na masika.

Lakini tunasikitishwa na tabia moja. Gari likichemsha mara mbili tatu, baadhi ya mafundi huing'oa thamostati na kuitupa, na mwenye gari hufurahi kuona mshale wa joto umeshuka. Thamostati ni bawabu: huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie nyuzi 80 hadi 90 hivi. Bawabu akiondolewa, injini hufanya kazi ingali baridi, oili hubaki nzito, petroli huliwa zaidi na silinda hulika. Na ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba, mkanda uliolegea au mfuniko usioshika, haukutibiwa.

Mfuniko nao tusiudharau. Katika kimo cha Ziwa Viktoria, yapata mita 1,134 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Mgandamizo wa mfuniko mzima ndio uyazuiao. Kwa hiyo kamwe usifunguliwe injini ikiwa moto, maana maji hayo huruka na kuunguza.

Tunasisitiza: fundi atafute chanzo kabla ya kung'oa kitu, na mwenye gari adai hivyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.