Maumivu ya Kifua Hayangoji Tarehe



Sisi tunaokaa karibu na mto Ruvuma tumezoea kungoja. Maji yakipwa, chombo hukwama mchangani. Abiria wa kwenda Msumbiji hukaa ufukoni mpaka maji yajae. Mkulima wa mpunga hungoja mvua. Mkulima wa korosho hungoja mnada. Kungoja si uvivu. Mara nyingi kungoja ni akili.

Lakini yako mambo yasiyongojwa. Jambo moja ni maumivu ya kifua yanayokuja ghafla. Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kwa nini kifua huuma. Pili, la kufanya maumivu yakija. Tatu, namna ya kukaa wakati unangoja tarehe ya kuonana na daktari bingwa wa moyo.

HABARI YA MZEE MMOJA WA KILAMBO

Mzee mmoja wa Kilambo alikuwa mkulima wa mpunga. Msimu mmoja alianza kuumwa kifua. Alipopanda kutoka bondeni na mzigo, kifua kilibana. Akiketi kidogo, kinaachia. Alikwenda zahanati, na zahanati ikampeleka hospitali mjini. Huko alipimwa, akapewa dawa na kadi. Kwenye kadi iliandikwa tarehe ya kuonana na daktari bingwa wa moyo.

Zikiwa zimebaki siku 11, mzee aliamka usiku wa manane. Kifua kilikuwa kizito kama kimewekewa gunia la mpunga. Jasho la baridi lilimtoka. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi.

Mkewe alisema, "Mume wangu, twende hospitali."

Mzee akajibu, "Tarehe yangu bado. Tukienda leo watatuambia turudi siku yetu. Nipikie chai ya tangawizi."

Chai ikanywewa. Maumivu hayakuondoka. Saa mbili zikapita.

Mkewe alikuwa mwanakisomo. Alichukua tochi, akaitazama ile kadi. Chini ya tarehe palikuwa na maneno mengine. Aliyasoma polepole, silabi kwa silabi: "Akizidiwa arudi mara moja."

Mzee akasema, "Soma tena."

Akasoma tena. Basi wakamwita jirani mwenye gari, wakaondoka usiku ule ule. Kutoka Kilambo hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 40. Walifika kabla ya alfajiri. Waganga waliona kwamba mzee amepata shambulio la moyo. Wakamtibu, akapona.

Lakini hakupona wote. Sehemu ya moyo wake ilikuwa imekwisha kufa. Siku hizi anachoka upesi, na shamba la bondeni analima mwanawe. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa naijua namba ya tarehe tu. Maneno ya chini yake sikuyajua."

KWA NINI KIFUA HUUMA

Moyo ni msuli. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Haupumziki usiku wala mchana.

Moyo wenyewe pia unahitaji damu. Unayo mishipa yake midogo inayouletea damu. Fikiri juu ya mfereji wa shamba la mpunga. Mfereji ukiwa safi, majaruba yote hupata maji. Tope likijaa, maji hupita kidogo. Mfereji ukiziba kabisa, mpunga wa mbele hukauka.

Ndivyo ilivyo kwa moyo. Mafuta hujikusanya ndani ya mishipa yake kwa miaka mingi, na njia huwa nyembamba. Mtu akitulia, damu hutosha. Akipanda kilima au akibeba mzigo, moyo hutaka damu zaidi na haipati. Hapo kifua hubana. Akipumzika, huachia.

Siku nyingine mshipa huziba ghafla. Hili ndilo shambulio la moyo. Msuli wa moyo ukikosa damu huanza kufa. Hauchukui siku nyingi. Huanza kufa katika saa ile ile ya kwanza. Dawa za kuzibua mshipa zipo, lakini hufaa zaidi mgonjwa akifika mapema. Kila saa inayopita huondoa sehemu ya moyo.

Wengine husema mgonjwa ametupiwa jini. Wengine husema ni gesi tu. Tusipoteze wakati kwa kubishana. Magonjwa ya mishipa ya moyo huletwa zaidi na shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, mafuta mengi katika damu, na umri mkubwa.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja ukiona dalili hizi:

1. Kifua kinabana, kinakandamizwa au kinachoma katikati, hata akiwa amekaa.

2. Maumivu yanakwenda mkono, bega, shingo, taya, mgongo au juu ya tumbo.

3. Anatoka jasho la baridi, anataka kutapika, anakosa pumzi au anaona kizunguzungu.

4. Maumivu hayaishi baada ya kupumzika dakika 5, au yanaisha na kurudi.

Si lazima dalili zote zije pamoja. Wanawake, wazee na wenye kisukari wengine hawaumwi sana kifua. Huchoka ghafla, hukosa pumzi, au husikia tumbo tu. Wasidharauliwe.

Ni kweli kwamba si kila kifua kinachouma ni moyo. Kichomi huuma ukivuta pumzi, na mara nyingi huja na homa na kikohozi. Kiungulia huchoma baada ya kula. Misuli huuma baada ya kulima. Lakini nyumbani hatuna kipimo cha umeme wa moyo. Mwache mganga atofautishe. Ukienda ukaambiwa ni kiungulia, hukupoteza kitu. Rudi nyumbani ukashukuru.

LA KUFANYA MAUMIVU YAKIJA

1. Acha kazi papo hapo. Weka chini jembe, ndoo au kasia. Usiseme, "Nimalizie jaruba hili."

2. Kaa chini. Egemea ukuta au mti, kunja magoti kidogo. Legeza nguo.

3. Mwambie mtu. Usijifiche chumbani. Piga simu au tuma mtoto kwa jirani.

4. Kama daktari alikupa dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, itumie kama alivyokuelekeza. Kaa kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuleta kizunguzungu. Usiimeze. Maumivu yakiwa bado baada ya dakika 5, au yakizidi, usingoje tena. Ondoka. Usitumie dawa hiyo kama umekunywa dawa ya nguvu za kiume. Mweleze mganga ukweli bila haya.

5. Kama aspirini ipo karibu, mtu mzima atafune miligramu 300. Asitumie mtu ambaye aspirini humdhuru, mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, wala aliyekatazwa na daktari. Parasetamoli si aspirini. Usichelewe safari kwa kutafuta kidonge.

6. Mgonjwa asitembee kwa miguu kwenda barabarani. Asiendeshe baiskeli wala pikipiki. Abebwe kwa machela au kitanda mpaka kwenye gari.

7. Chukua kadi, dawa zote na daftari lake.

Usimpe mgonjwa pombe wala chakula kizito. Usimpe dawa ya moyo ya mtu mwingine. Tena uwe mwangalifu na diklofenaki, ambayo wengi hununua dukani kwa maumivu ya mgongo. Dawa hiyo si nzuri kwa mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Mgonjwa akizimia na hapumui sawasawa, mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Kandamiza kwa nguvu, kifua kishuke kama sentimita 5, kisha kiache kipande. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwenzako apokee. Msiache mpaka apumue au msaada ufike.

WAKATI WA KUNGOJA TAREHE

Madaktari bingwa wa moyo ni wachache, na wagonjwa ni wengi. Zamani Watanzania wengi wenye maradhi makubwa ya moyo walipelekwa India kwa matibabu. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Madaktari wake pia huenda mikoani kupima watu. Hapa Mtwara ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Hata hivyo, huenda ukapewa tarehe ya mbele. Ufanye nini?

Kwanza, meza dawa kila siku kama ulivyoelekezwa. Usiache kwa sababu umepata nafuu. Nenda kuchukua nyingine kabla hazijaisha.

Pili, punguza mzigo. Beba ndoo nusu badala ya ndoo nzima. Pumzika njiani. Punguza chumvi na ng'onda, mafuta ya kukaangia na tui zito. Acha sigara na ugoro.

Tatu, jitayarishe kwa safari ya dharura. Patana mapema na mwenye gari. Andika namba yake ya simu kwa herufi kubwa, ubandike ukutani. Weka akiba ya nauli mahali ambapo mwenzako anapajua. Kama una kadi ya bima, iweke pamoja na kadi ya hospitali.

Nne, kama huwezi kufika siku yako, toa taarifa hospitali, uombe tarehe nyingine. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara. Jambo kama hilo likitokea, usikae kimya. Na dawa zisikatike.

Tano, andika daftari. Hapa ndipo kisomo kinapookoa maisha. Tazama mfano huu:

Tarehe 3. Nilibeba ndoo ya maji. Kifua kilibana. Nilikaa. Kiliisha baada ya dakika 3.

Tarehe 8. Nilitembea polepole kwenda dukani. Kilibana. Kiliisha baada ya dakika 4.

Tarehe 10. Nilikuwa nimekaa barazani. Kilibana. Kiliisha baada ya dakika 5.

Unaona nini? Maumivu yanabadilika. Kwanza yalikuja kwa kazi nzito. Kisha yakaja kwa kazi ndogo. Mwisho yakaja bila kazi yoyote. Mfereji unazidi kuziba. Mtu huyu asingoje tarehe yake. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kwa sasa hasikii maumivu, na daftari alionyeshe.

TUKUMBUKE

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kujifunza somo la Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Sisi nasi tujifunze maradhi ya wakati wetu.

Tarehe ya daktari bingwa ni ya mgonjwa ambaye hali yake imetulia. Hali ikibadilika, tarehe imekwisha. Hakuna mwenye haki ya kukulaumu kwa kuwahi. Maji ya Ruvuma yakipwa, yatajaa tena. Msuli wa moyo ukifa, hauoti tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mzee hakutaka kwenda hospitali usiku ule? Je, sisi tungefanya nini?

2. Taja dalili nne za hatari.

3. Kwa nini mgonjwa asitembee kwa miguu mpaka barabarani?

4. Kijijini kwenu nani ana gari? Usiku mtampataje?

KAZI YA KUFANYA

Leo ukirudi nyumbani, chukua kadi zote za hospitali. Zisome mpaka mstari wa mwisho. Neno usilolijua liandike, ulilete darasani.

MANENO MAPYA

Daktari bingwa: daktari aliyesomea zaidi ugonjwa wa aina moja.

Dharura: jambo la ghafla lisilongoja.

Shambulio la moyo: kuziba ghafla kwa mshipa unaoupa moyo damu.

Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi.