Moto ukiteketeza midoli yako, bima italipa kiasi gani?

Siku hizi si ajabu kuingia sebuleni kwa mtu mzima ukakuta kabati la kioo limejaa vigari vidogo vya chuma, midoli ya Barbie ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi, au meli ya LEGO iliyowekwa juu kabisa, mahali ambapo mtoto hafiki. Si vya mtoto hivyo. Ni vya baba au mama. Wageni hucheka, lakini ukijumlisha fedha zilizotumika kwa miaka kumi, kicheko kinakata.

Kaka yangu ni mmoja wa hao. Ana vigari zaidi ya mia mbili, na ana mtoto wa miaka mitatu ambaye ameshajifunza kuburuta kiti hadi kabatini. Nilipomuuliza kama vigari hivyo vina bima, alinijibu kwa kujiamini: "Si nimekata bima ya vitu vyote vya ndani?" Tukautoa mkataba tukausoma pamoja.

Kuna mambo mawili ambayo mzazi mwenye mkusanyiko anapaswa kuyatafuta kwenye mkataba wa namna hiyo. La kwanza ni ukomo wa malipo kwa kitu kimoja, au kwa kundi la vitu vya pekee kama vito, picha za sanaa na mikusanyiko. Kinachozidi ukomo huo hakilipwi mpaka uwe umekitaja na kukiorodhesha tangu mwanzo.

La pili linawaumiza wengi zaidi. Chukulia vitu vyako vyote vya ndani vina thamani ya Sh20 milioni, lakini ukaandika Sh10 milioni ili ada ya bima ipungue. Moto unateketeza mkusanyiko wa Sh4 milioni. Usitegemee kulipwa Sh4 milioni. Mikataba mingi ina kanuni ya wastani: umekatia bima nusu ya thamani, basi na hasara yako italipwa nusu. Unaondoka na Sh2 milioni, na hapo bado hawajatoa kile kiasi ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe.

Sasa hiyo thamani inapatikanaje? Hapa ndipo mapenzi yanapomdanganya mtu. Mwenye mkusanyiko huingia mtandaoni, akaona mtu anauza mdoli kama wake kwa dola 500, naye anaandika dola 500. Hiyo ni bei ya kuomba. Hata mimi naweza kuomba dola 500 kwa kandambili. Thamani ni kile ambacho mnunuzi amekwisha kulipa, na masoko ya mtandaoni kama eBay yana sehemu ya kuchuja vitu vilivyouzwa tayari. Tazama mauzo kadhaa ya karibuni ya kitu chenye hali kama ya chako, usichukue lile moja la juu.

Hali ya kitu ni kila kitu. Barbie ya kwanza iliingia sokoni Marekani Machi 1959 kwa dola 3, na leo iliyotunzwa vizuri pamoja na boksi lake hufika maelfu ya dola. Lakini hereni za chuma za midoli ile ya zamani huacha doa la kijani sikioni, na doa hilo pekee linashusha bei. Vigari vya Hot Wheels vya miaka ya mwanzo, kuanzia 1968, hutambulika kwa mstari mwekundu kwenye matairi na vina wanunuzi wake. Vya kaka yangu vingi ni vya miaka hii, vilivyotengenezwa kwa wingi mno. Nilimwambia ukweli: thamani yake ni bei ya kununua kingine dukani.

Na bei hushuka pia. Wamarekani wanaukumbuka wazimu wa Beanie Babies, wanyama wadogo wa kitambaa waliokuwa wakigombaniwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 wanandoa waliotalikiana huko Las Vegas waligawana wanyama hao mmoja mmoja sakafuni mahakamani. Baada ya muda mfupi wengi wa wanyama hao hawakuwa na thamani ya kugombewa. Kwa hiyo pitia orodha yako kila unapohuisha bima, na kwa vitu vya bei kubwa muulize wakala kama mnaweza kukubaliana thamani mapema kwa maandishi. Vinginevyo mtu wa madai anaweza kukukata uchakavu, wakati kitu chako kinapanda bei kwa sababu ni cha zamani.

Ushahidi hauhitaji gharama. Piga picha mbele, nyuma na chini palipo na namba. Tunza risiti, hata ujumbe wa malipo ya simu. Kisha jitumie vyote kwa barua pepe, maana moto ukija unachukua na simu.

Usisahau kwamba bima hizi kwa kawaida hazilipi kutu, unyevu, wadudu wala panya. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto na chumvi ya hewani ni adui wa karibu kuliko mwizi. Jua la dirishani nalo hugeuza plastiki nyeupe kuwa njano.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na hapa siwezi kunyamaza. Rangi za vitu vya kuchezea vya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo kwenye vitu vya watoto mwaka 1978, na bado mwaka 2007 kampuni ya Mattel ililazimika kurudisha zaidi ya vitu milioni moja kwa sababu hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto mdogo huathiri ubongo unaokua. Rangi inayobanduka haionyeshi dalili yoyote kwa macho, na mtoto wa miaka mitatu huonja kila kitu.

Kabati la kaka yangu sasa lina kufuli. Orodha kamili tulimaliza kuiandika Jumapili, na vitu vitatu tu ndivyo vilivyostahili kutajwa kwenye bima.