Kukosea Tarehe Si Kusema Uongo

Wapo Warundi waliofikia kambi ya wakimbizi ya Nduta, wilayani Kibondo, Tanzania, mara mbili maishani: kwanza wakati wa vita vilivyoanza 1993, kisha mwaka 2015 kambi ilipofunguliwa upya. Kambi ileile, foleni ileile ya mgao. Mwulize mama wa namna hiyo ni safari ipi mwanawe aliugua homa njiani. Leo atasema ya pili, kesho ya kwanza. Msaili wa waombaji hifadhi ataandika: anajichanganya.

Kukumbuka tukio ni kazi moja. Kukumbuka lilitokea wapi na lini ni nyingine. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande una sehemu iitwayo hipokampasi. Majirani zake huiletea habari zikiwa mbalimbali: huyu sura na vitu, yule mandhari ya mahali. Hipokampasi huziunganisha ziwe kisa kimoja, na ndiyo pia hutenganisha visa vinavyofanana. Vikifanana mno, kama safari mbili za Nduta, hata ubongo mzima kabisa huvichanganya.

Mwaka 1953, nchini Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27, alikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili atibiwe kifafa. Baadaye mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku tatu mkono ulizidi kuwa hodari, naye hakukumbuka kwamba amewahi kulifanya. Ujuzi ulibaki, lini na wapi aliupata havikubaki.

Nyuma ya paji la uso kuna mhakiki: hili nililiona mwenyewe, au nilisimuliwa na shangazi? Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini. Kwa hiyo mtoto aliyekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, anaweza kusimulia mambo ya Kivu, huko Kongo, aliyoyasikia kwa wakubwa akiamini kabisa kwamba aliyaona. Huyo hadanganyi.

Halafu kuna hofu. Amigdala, iliyopakana na hipokampasi, hukaza kumbukumbu ya kiini cha hatari: mtutu wa bunduki, sauti ya aliyeushika. Ya pembeni, kama siku na mfuatano wa mambo, hushikwa kwa ulegevu. Ajabu ni kwamba hayo ya pembeni ndiyo tunayoyapimia ukweli wa mtu.

Katika miaka ya 1980, Edward Geiselman na Ronald Fisher walibuni huko Marekani namna ya kuhoji mashahidi inayoanza kwa kumrudisha mtu kimawazo mahali penyewe. Kwetu haina gharama. Ndugu msaili, anza hapo: mvua ilikuwa inanyesha? Maharage yalikuwa shambani au yameshavunwa? Nani alikuwa mbele njiani? Tarehe iulize mwishoni, na ikikosewa isiwe sababu pekee ya kumnyima mtu hifadhi.