Kabla upepo haujaezua bati: nani atamwambia mwenzetu mwenye ulemavu?

Najua wiki hizi wengi wenu mko chini ya mikorosho mnaokota, na masikio yote yako mnadani. Leo bei naiweka pembeni kidogo, maana mvua za msimu zinakaribia na kuna jambo linanisumbua tangu mwaka 2024. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinakuja pwani yetu. Mimi nikasambaza tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, nikawapigia wenyeviti wa vitongoji, msikitini wakatangaza kwa spika. Nikalala nikijua kazi imeisha. Kimbunga kilitua Mafia tarehe 4 Mei, wenzetu wa Kilwa wakapata mafuriko makubwa na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika. Sisi huku juu hatukupigwa kiasi hicho.

Wiki iliyofuata nikapita kwa mama mmoja, mkulima wangu wa korosho na mbaazi. Ni kiziwi, na simu yake ni ya kitochi. Spika hakusikia, WhatsApp hana. Aliona tu majirani wanahangaika na mapaa na kuhamisha magunia, akadhani kuna msiba. Akaniuliza kwa ishara, mwanawe akinitafsiria: "Bwana shamba, mbona mimi hukuja kuniambia?"

Sikuwa na jibu. Kuanzia siku hiyo nikaelewa kwamba tangazo halijafika kijijini kama halijafika kwa huyo mama.

Maafa ya kwetu ni yapi?

Watu husema vimbunga ni vya Msumbiji. Siyo kweli. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara watu walielekezwa kwenda sehemu salama. Kingepinda kidogo kaskazini, kingekuwa chetu.

Lakini kwa Masasi na Newala siogopi kimbunga peke yake. Mvua za kwanza huja na upepo unaoezua nyumba. Na kabla ya mvua kuna moto kichaa, wa watu wanaochoma mashamba bila kuulinda. Sasa angalia: msimu huu nyumba nzima inashinda kwenye mikorosho, wengine wanalala hukohuko. Nyumbani anabaki nani? Babu asiyeweza kutembea, au kijana asiyeona, ndani ya nyumba ya nyasi. Moto ukija saa nane mchana, hakuna wa kumtoa. Zimamoto ni namba 114, piga, lakini gari mpaka lifike kijijini kwako nyumba imeshakwisha.

Fanyeni haya kabla ya mvua

1. *Muulizeni mwenyewe.* Tumezoea kupanga juu ya mtu huku amekaa hapohapo. Yeye ndiye anajua anaamkaje, anabebwaje, anaogopa nini. Yule mama kiziwi alinionyesha mpango wake: kamba inatoka dirishani hadi kitandani kwake, anaifunga mkononi akilala. Jirani akiivuta, anaamka. Mimi na diploma yangu nisingeliwaza hilo.

2. *Majirani wawili, siyo mmoja.* Mmoja akiwa shambani, wa pili awepo. Wajue mlango unafungukaje na mtu analala chumba gani. Msimu wa korosho mpeane zamu, pasiwe na siku ambayo anabaki peke yake na hakuna aliye karibu.

3. *Jaribuni njia.* Mchanga wa kwetu unameza magurudumu ya kitimwendo, hilo mnalijua. Tengenezeni machela ya miti miwili na magunia, kisha mbebeni kweli hadi shuleni au popote mlipokubaliana. Mtaona wapi pana ngazi na mlango upi ni mwembamba. Asiyeona usimvute mkono. Mwache akushike kiwiko, wewe utangulie ukimweleza njia. Mwenye ulemavu wa akili azoeshwe mapema, tena na mtu anayemwamini.

4. *Vifaa vilale karibu naye.* Magongo, fimbo nyeupe, dawa, tochi. Ukimbeba mtu ukayaacha magongo yake, kesho hawezi hata kwenda chooni. Mwenye ualbino awe na kofia pana, nguo ya mikono mirefu na losheni yake, maana nyumba ikienda hana kivuli.

5. *Safisheni kuzunguka nyumba.* Fyekeni na kukwangua nyasi kama mnavyosafisha chini ya mkorosho, pabaki udongo mtupu. Maji kwetu ni ya taabu, lakini mchanga ni wa bure: ndoo mbili za mchanga zikae mlangoni. Bati lifungwe kwa waya kwenye mbao. Mawe mnayoweka juu ya paa huanguka, na aliyelala ndani hawezi kuyakimbia.

6. *Jueni rangi za TMA.* Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa nyumba yenye mtu asiyeweza kukimbia, msisubiri nyekundu. Ikifika chungwa, ahamishwe mchana, mapema.

Baada ya maafa

Hapa ndipo wengi huanguka. Mkulima mwenye miguu yake atakwenda kutafuta kibarua au mbegu kijiji cha pili. Mwenzake hawezi. Kwa hiyo mbegu za mbaazi, mtama na kunde zigawanywe, nusu ikae kwa ndugu au jirani mwenye nyumba imara. Kipande cha muhogo kiwepo karibu na nyumba. Ghala linaloezuliwa halihusiani na muhogo ulio ardhini.

Lingine ni majina. Nimekuta wakulima wenye ulemavu ambao mikorosho ni yao, lakini AMCOS inamjua kaka au mjomba tu. Pembejeo za ruzuku zinakwenda kwa aliyesajiliwa. Waathirika wakiorodheshwa, anaonekana kama mtegemezi, siyo mkulima aliyepoteza shamba. Jisajili kwa jina lako, na kama huwezi kufika ofisini, niite mimi au mtendaji tuje.

Hili siyo la hisani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kwenye mkutano ujao ulizeni: kamati yetu ni akina nani, na kuna mtu mwenye ulemavu ndani yake? Kama hayupo, mchagueni.

Mimi sasa nina daftari. Kila kitongoji, nani hasikii, nani haoni, nani anabebwa, na majirani wake wawili. Yule mama ni wa kwanza kwenye orodha. Kama kwako kuna mtu ambaye sijamwandika, niambie tukikutana mnadani, au njoo ofisi ya kata. Usingoje mawingu.